Kutoka Machakos hadi Makka: njia imefupika, maandalizi yamerefuka

Mwislamu wa Machakos anayekwenda Hija siku hizi huipa bahari kisogo. Gari humteremsha hadi Kyumvi, huingia barabara kuu ya Mombasa, lakini haelekei Mombasa. Hushika upande wa Nairobi, akapita Athi River na Mlolongo, akafika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kabla ya chai ya asubuhi kumtoka tumboni. Kutoka hapo hadi Jidda ni kilomita 2,500 hivi, mwendo wa saa nne angani ndege ikienda moja kwa moja.

Miaka mia moja na thelathini iliyopita, mtu mwenye nia hiyohiyo angeshika njia ya mashariki, angetembea kwa miguu, na jamaa zake wangemuaga kama mtu ambaye huenda wasimwone tena. Tofauti hiyo ya mwelekeo na ya muda ndiyo historia ya Hija katika mji huu wa bara. Lakini ukiisoma historia hiyo kwa makini utagundua jambo jingine: kadiri njia ilivyofupika, ndivyo maandalizi yalivyorefuka. Zamani mtu alipambana na nyika, upepo na maradhi akiwa njiani. Leo mapambano yote hufanyika nyumbani, miaka kadhaa kabla ya kupanda ndege, na silaha zake ni pasipoti, dola na nafasi kwenye orodha.

Kituo cha misafara

Machakos ilikuwa mji kabla Nairobi haijawa hata kambi ya reli. Jina lake limetokana na Masaku, mzee na mtabiri wa Wakamba. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya Kiingereza iliyopewa idhini ya kuitawala nchi hii, IBEA, ilijenga ngome yake hapo. John Ainsworth alifika mwaka 1892 kukiongoza kituo hicho, na hadi 1899 Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya utawala wa bara.

Kampuni ilipapenda mahali hapo kwa sababu palikuwa na chakula. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilifika hapo imechoka, ikanunua nafaka na maharagwe, ikapumzika, ikaendelea. Wapagazi wengi wa misafara hiyo, askari wake na wakuu wake walikuwa watu wa pwani, na wengi wao Waislamu. Kama ilivyokuwa katika vituo vingi vya bara, baadhi yao walibaki, wakajenga, wakaoa wenyeji, wakafungua biashara ndogondogo. Baadaye wakaja wafanyabiashara Wahindi, miongoni mwao Waislamu. Hivyo ndivyo adhana ilivyoanza kusikika katika vilima vya Ukambani.

Uhusiano wenyewe ulikuwa wa kale kuliko ngome. Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa miongo mingi kabla Mzungu hajafika kwao. Njaa ya miaka ya 1830 iliwasukuma baadhi yao kuhamia karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa. Mmisionari Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa aliyeijua njia ya pwani, ambaye aliuawa miaka miwili baadaye akiwa safarini pamoja na Krapf huyohuyo. Kwa Mkamba wa wakati huo, pwani haikuwa nchi ya kigeni. Lakini kutoka pwani kwenda Makka ilikuwa habari nyingine kabisa.

Hesabu ya mwezi, hesabu ya upepo

Hija haina msimu wa kudumu katika kalenda ya jua. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Hija husogea nyuma kila mwaka na kuuzunguka mwaka mzima kwa muda wa miaka 33 hivi. Upepo wa bahari haujui habari hiyo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuyaleta majahazi kutoka Arabuni. Kusi huanza Aprili na kuyarudisha, ila katikati yake, Juni na Julai, bahari huchafuka hata manahodha hodari hukaa bandarini. Wengi waling'oa nanga mwanzo wa kusi, au wakati wa demani, Agosti na Septemba, upepo ukishatulia.

Kwa hiyo aliyetaka kuhiji kwa jahazi alifanya hesabu mbili kwa pamoja. Chukua mwaka 1899. Siku ya Arafa, kilele cha Hija, iliangukia karibu na tarehe 20 Aprili, wakati kusi ndiyo kwanza inaanza. Aliyengoja upepo huo angefika Arabuni watu wameshavua ihramu, vazi la Hija. Ilimbidi aondoke na demani ya mwaka uliotangulia, Septemba 1898, afike kusini mwa Arabuni, kisha apande polepole Bahari ya Shamu na kungoja. Baada ya Hija angengoja tena, maana kaskazi ya kumrudisha nyumbani haikuwapo hadi Desemba. Mtu wa Machakos, kabla ya reli, angeongeza juu ya hayo takriban mwezi mzima wa kutembea na msafara hadi Mombasa, akipita Kibwezi na Tsavo, na kuivuka nyika ya Taru ambako maji yalikuwa ya kubahatisha, na mwezi mwingine wa kurudi. Jumla yake ni mwaka na nusu mbali na mke, watoto na shamba.

Na ilikuwa miaka gani? Ukambani ilikuwa katikati ya Ngomanisye, njaa kuu ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, iliyoua watu na kuyaacha maboma mengi matupu. Hakuna mwanachuoni ambaye angemwambia mtu aiache familia yake katika hali hiyo kwa jina la ibada. Sheria ya Kiislamu inamwajibisha kuhiji mwenye uwezo tu, na uwezo huo una vipimo: afya, usalama wa njia, nauli ya kwenda na kurudi, na masurufu ya kutosha kwa wanaobaki nyumbani mpaka arudi.

Mambo yalikuwa mepesi Hija ilipokubaliana na upepo. Miaka kumi baadaye, Januari 1909, msafiri wa jahazi angeweza kwenda na demani, akahiji, na kurudi na kaskazi ileile, yote kwa miezi sita au saba. Hata hivyo, kwa karne nyingi Hija ilibaki ibada ya wachache wenye mali au wenye elimu. Al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya kumi na nne aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, alihiji na kusoma Aden. Sayyid Said bin Sultan alihiji mwaka 1824. Hao walikuwa watu wenye majahazi na watumishi. Mpagazi wa Machakos alikuwa na miguu yake tu.

Reli, meli na kisiwa cha karantini

Wakamba wana simulizi ya Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeona nyoka mrefu akitoka baharini na kukata nchi. Nyoka huyo alianza kutambaa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwezi Mei 1899. Alipita kando ya Machakos, na mji ukapoteza hadhi yake ya makao makuu mwaka huohuo. Lakini kwa Mwislamu wa Machakos, reli iliyoubagua mji wake ilimfungulia mlango: mwezi wa kutembea uligeuka kuwa safari isiyozidi siku mbili.

Reli hiyo iliongeza pia Waislamu wa bara. Kati ya vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India, wengi walikuwa Wapunjabi Waislamu. Mmoja wao, Sayyid Baghali, amezikwa Mackinnon Road, na msikiti uliojengwa penye kaburi lake uko kando ya reli na barabara kuu. Simulizi ya pale ni kwamba karai la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa alipokuwa akifanya kazi. Hadi leo madereva na abiria wa barabara ya Mombasa husimama hapo, wakaswali, wakatoa sadaka, wakaendelea na safari.

Baharini, mabadiliko yalikuwa yameshatangulia. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza safari za kila mwezi kati ya Zanzibar na Aden. Meli ya moshi haikungoja demani wala kaskazi. Msafiri alishuka Aden, akatafuta chombo cha Jidda, na walipofika usawa wa Yalamlam, mahali pa kuingilia ihramu, alioga, akavaa ihramu na kuanza talbia akiwa juu ya maji.

Hata hivyo, meli ilikuja na masharti yake. Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka wakati wa Hija na kusambaa hadi Ulaya na Marekani. Kuanzia hapo dola kubwa zikaanza kumtazama hujaji kama mtu wa kukaguliwa. Mwaka 1882 serikali ya Uthmaniya ilifungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, karibu na pwani ya Yemen, na meli za mahujaji zilizotoka kusini zililazimika kutia nanga hapo. Abiria waliteremshwa, wakaogeshwa, nguo zao zikafukizwa kwa mvuke, wakakaa siku kadhaa, na zaidi ikiwa kuna aliyeugua. Ndipo uwezo wa kuhiji ulipopata kipimo kipya: cheti. Makoloni mengine, kama India, yalianza pia kumdai hujaji tikiti ya kurudi kabla hajaondoka, kwa kuwachoka waliokwama Jidda bila nauli.

Alipofika Jidda, hujaji alipokewa na wakala wa mtawafu wake, maana kila nchi ilikuwa na familia za Makka zilizowashughulikia wageni wake: malazi, ngamia, maji, na mafunzo ya ibada. Safari ya ngamia hadi Makka ilichukua usiku mbili. Baada ya Abdulaziz Ibn Saud kuiteka Hijazi mwaka 1924 na 1925, usalama wa njia uliimarika, na magari yakaanza kuchukua nafasi ya ngamia. Mwaka 1952 mfalme huyo aliifuta kodi ya kichwa iliyokuwa ikitozwa kila hujaji, kwa kuwa mafuta sasa yalimpatia fedha za kutosha. Wakati huo mahujaji kutoka nje ya nchi walikuwa laki moja na ushei tu kwa mwaka.

Ng'ombe, shamba na nauli

Njia ilipofunguka, swali likabaki kwenye mfuko. Huku Machakos, mali ya mtu ilikuwa ng'ombe na shamba, na mali hiyo ilikuwa na misukosuko yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kupunguza mifugo ya Wakamba kwa nguvu, ikidai ng'ombe wamezidi na udongo unamomonyoka. Kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River kuwapokea. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Serikali ilirudi nyuma, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, mji wa misikiti na wanazuoni.

Kisa hicho hakikuhusu dini, lakini kinaonyesha jinsi akiba ya mkulima ilivyokuwa dhaifu. Ng'ombe anaweza kufa kwa ukame, kuuzwa kwa bei ya kutupa, au kuchukuliwa kwa amri. Aliyeweka nia ya kuhiji kwa kutegemea zizi alikuwa anategemea mvua. Na aliyeuza shamba ili aende alirudi na jina la Alhaji na watoto wasio na pa kulima.

Ndege, mgao na dola

Uwanja wa ndege wa Embakasi, ndio wa Jomo Kenyatta wa leo, ulifunguliwa mwaka 1958, Wakenya wakaunda shirika lao la ndege mwaka 1977 baada ya lile la Afrika Mashariki kuvunjika, na polepole Mombasa ikaacha kuwa mlango wa Makka kwa watu wa bara. Uwanja wenyewe umepakana na kaunti ya Machakos, hatua chache kutoka mahali panapoitwa Syokimau. Mtabiri wa nyoka amepewa kitongoji, na juu ya vichwa vya wakazi wake hupita ndege za mahujaji.

Ndege zilivyorahisisha safari duniani kote, idadi ikafurika. Mwaka 2012 mahujaji walizidi milioni tatu. Lakini tayari mwaka 1988, baada ya machafuko ya Makka ya mwaka uliotangulia yaliyoua zaidi ya watu 400, nchi za Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu zilikubaliana juu ya mgao: mahujaji 1,000 kwa kila Waislamu milioni moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni tano. Ukifuata kanuni hiyo, nchi nzima inapata nafasi elfu tano na kidogo, kuanzia Mandera hadi Kwale. Mwislamu wa Machakos, anayetoka katika jamii ndogo, yumo katika foleni hiyohiyo.

Uratibu wa foleni hiyo upo mikononi mwa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM, lililoundwa mwaka 1973, pamoja na mawakala wenye leseni. Saudi Arabia sasa huendesha karibu kila kitu kwa mitandao: mikataba ya hema za Mina, hoteli, mabasi na viza. Hija moja haijapoa, ratiba ya inayofuata imeshatoka, na nchi inayochelewa kulipa hupoteza nafasi. Familia za watawafu zimegeuzwa kuwa makampuni.

Juu ya hayo kuna sindano. Mlipuko wa homa ya uti wa mgongo wakati wa Hija ya mwaka 1987 uliifanya chanjo yake kuwa lazima, na Mkenya hudaiwa pia cheti cha homa ya manjano. Kamaran imefungwa zamani, ila kazi yake imehamia kliniki. Kwa wanawake, sharti moja limelegea: Saudi Arabia imeondoa ulazima wa kusafiri na maharimu, jambo lililowafungulia njia wajane na wanawake wasio na ndugu wa kuwasindikiza.

Kisha kuna bei. Vifurushi vya Hija hupangwa kwa dola, na mtu huweka akiba kwa shilingi. Januari 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160, na katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Kifurushi cha dola 5,000, kwa mfano, kingekuwa shilingi 800,000 mwanzoni mwa mwaka na 650,000 miezi michache baadaye. Mwalimu aliyestaafu au mwenye duka la nguo hana la kufanya juu ya tofauti hiyo. Babu yake alingoja kusi igeuke, naye hungoja dola ishuke.

Hata mwenye pesa na nafasi hana uhakika. Mwaka 2020 na 2021 korona iliifunga Hija kwa watu wa nje, na mwaka 2022 waliozidi miaka 65 walizuiwa. Waliokuwa wameweka akiba hadi uzeeni waliambiwa wasubiri kwa sababu ya uzee huohuo. Mwaka 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na watu 1,301 walikufa. Serikali ya Saudi Arabia ilisema asilimia 83 yao hawakuwa na kibali, yaani walikwenda kwa njia za mkato, bila hema wala basi lenye kiyoyozi. Tapeli anayemuuzia mtu viza ya matembezi na kuiita ya Hija anamuuzia jua.

Sanduku la kadibodi

Si kila kitu kimebadilika. Nenda katika darasa la manasiki, yaani taratibu za Hija, linalofanyika misikitini wiki chache kabla ya kuondoka. Katikati ya zulia huwekwa sanduku la kadibodi lililofunikwa kitambaa cheusi. Hilo ndilo Kaaba ya mazoezi. Wanafunzi, wengi wao wazee, hulizunguka mara saba upande wa kushoto ukiwa ndani, na shehe akihesabu kwa sauti. Wanaume hufundishwa kuzifunga shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, mkanda wenye mfuko wa pasipoti juu yake, na namna ya kutawadha bila shuka ya juu kuloa. Maswali ni yaleyale kila mwaka: sabuni yenye manukato, kucha iliyovunjika yenyewe, dawa ya sukari itakaa wapi siku ya Arafa, na vijiwe vya Muzdalifa viwe vikubwa kiasi gani. Shehe huwaonyesha kwa ncha ya kidole: punje ya dengu, basi.

Nyumbani nako kuna kazi. Madeni hulipwa kwanza, ya benki, ya dukani na hata ya Fuliza, mkopo wa simu. Wasia huandikwa. Hujaji huzunguka kwa majirani, Waislamu na Wakristo, akiomba radhi. Katika mji kama Machakos, ambako Waislamu ni wachache na karibu kila ukoo una watu wa dini zote mbili, ziara hizo huchukua siku kadhaa, na mara nyingi wanaomsindikiza uwanja wa ndege ni shangazi na binamu wa makanisani.

Somo la Malaysia, na la Ukambani

Tatizo la mkulima anayeuza shamba ili ahiji lilikwisha kutazamwa kwingine. Mwaka 1959 mchumi wa Malaya, Ungku Aziz, aliiandikia serikali yake akieleza jinsi wanavijiji wanavyouza ardhi na mifugo, wakahiji, wakarudi masikini. Alipendekeza chombo cha akiba ambacho kingepokea fedha kidogokidogo, kiziwekeze bila riba, na kumpeleka mtu Makka zamu yake ikifika. Chombo hicho kilianza kazi mwaka 1963, na leo kinajulikana kama Tabung Haji, chenye mamilioni ya waweka akiba.

Kenya ina vipande vya mpango kama huo. Benki zinazofuata sharia zilifunguliwa mwaka 2008, na vyama vya kuweka akiba vipo kila mtaa. Kinachokosekana ni kuviunganisha na foleni ya mgao, ili anayeanza kuweka shilingi mia tano leo ajue pia ni mwaka gani jina lake litafikiwa. Vikundi vilivyopo hutegemea uaminifu wa mtu mmoja anayeshika daftari, na daftari likipotea, nia ya miaka kumi hupotea nalo.

Machakos haihitaji kufundishwa ushirika. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya hii kuwa nchi iliyokufa kwa mmomonyoko. Watu walifufua vilima vyao wenyewe kwa mwethya, vikundi vya jirani na jirani, wakichimba matuta shamba kwa shamba mpaka kila mmoja amefikiwa. Nguvu ileile inaweza kumpeleka mtu Arafa bila kuuza tuta hata moja.

Na wakati unaruhusu. Hija sasa inatoka kwenye kiangazi kikali cha Arabuni. Ifikapo mwaka 2030 itakuwa Aprili, palepale ilipokuwa mwaka 1899, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo itazidi kuingia katika miezi ya baridi. Kwa mwenye umri wa miaka hamsini, hiyo ndiyo nafasi bora ya maisha yake, wala haina haja ya kungoja demani. Inahitaji pasipoti, sindano mbili, jina kwenye orodha, na mahali pa kuaminika pa kuweka shilingi ya kwanza mwezi huu.